Uga wa sumaku "wa" Dunia au "ya" Dunia?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha fizikia sekondari hapa Temeke, na ninaandalia klabu ya sayansi makala kuhusu satelaiti zinazopima usumaku. Nimeandika "uga wa sumaku wa Dunia". Mwenzangu kakata, kaweka "ya Dunia". Nani kapatia? Na "mikondo ya umeme wa angani" ni sawa?

JIBU: Marahaba. Kisarufi mmepatia nyote, ila mmesema mambo mawili tofauti. A-unganifu (yaani "wa", "ya", "cha" na kadhalika) hufuata ngeli ya nomino inayomilikiwa. Ukisema "kikombe cha chai cha Asha", kikombe ni chake, chai huenda kanunuliwa. "Kikombe cha chai ya Asha", chai ndiyo yake. Basi "wa Dunia" inarudi kwenye uga, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku huhisiwa, na "ya Dunia" inarudi kwenye sumaku, kana kwamba kuna sumaku imefukiwa huko chini.

Haipo. Sehemu kubwa ya uga huo huzalishwa na chuma kilichoyeyuka kwenye kiini cha nje cha Dunia, kuanzia kilomita 2,900 hivi chini yetu: kikitembea huendesha mikondo ya umeme, na mikondo huzaa uga. Juu yake huongezeka usumaku wa miamba, pamoja na ule wa mikondo inayopita angani. Satelaiti tatu za Swarm, zilizorushwa na Shirika la Anga la Ulaya Novemba 2013, hupima mchanganyiko wote huo kwa mkupuo. Kipimo cha siku moja hakikuambii kipi kimetoka wapi. Ndiyo maana wataalamu huunganisha data za miaka mingi, wakirudi hadi kwa satelaiti za awali, Ørsted ya 1999 na CHAMP ya 2000: uga wa kiini hubadilika taratibu, mwaka hadi mwaka, ilhali mikondo ya angani hupanda na kushuka kwa saa, ikifuata jua. Kwa hiyo mimi nashikilia "wa Dunia". Mwenzako kakosea fizikia, si Kiswahili.

Hilo la pili libadilishe bila kusita. Mtu wa Dar es Salaam akisoma "umeme wa angani" wakati wa masika, atafikiria radi. Wewe unazungumzia kitu kingine kabisa, kwa mfano ule mkondo mkali wa mchana unaofuata ikweta ya kisumaku (mstari ambapo sindano ya sumaku hulala mlalo), kilomita 110 hivi juu, ambao kwa upande wetu wa Afrika hupita Ethiopia, wala si Kenya inakopita ikweta ya kwenye ramani. "Mikondo ya umeme ya angani" ingetosha kisarufi, lakini herufi moja ni rahisi kuponyoka kwa mchapaji. Andika "mikondo ya umeme inayopita angani".

Na kwa kuwa utahitaji wingi: uga, nyuga. "Nyuga za sumaku zinapimwa", si "mauga", ingawa nimeshaliona hilo ubaoni.