Kufungua 3 shupaza ukiwa na pointi 6: lini inafaa?

Katika briji, mchezo wa karata wa wawili kwa wawili, swali ni kama shupaza K-Q-J-10-8-6-2, kopa 5, uru 9-7-4, pau 8-3 (pointi 6: K 3, Q 2, J 1) inatosha kufungua mnada kwa 3 shupaza, yaani kuahidi triki (mizunguko ya kula) 9, sita na 3 juu yake, ili kuwaziba wapinzani wasinadi kwa urahisi. Kama hamko hatarini (hali ya mgao inayopandisha adhabu na zawadi), ndiyo, bila kusita. Shupaza ikiwa turufu unakula triki 6 hata mwenzio asipokuwa na kitu. Umeahidi 9, umepungukiwa 3, na kwa dabo (mpinzani akizidisha adhabu) unapoteza 500. Wapinzani walio hatarini wakitimiza ahadi ya 4 kopa wanapata 620, kwa hiyo hesabu inakulipa. Ninyi mkiwa hatarini, kupungukiwa 3 kwa dabo ni 800. Hapo pita.

Kiti, yaani zamu yako ya kunadi, nacho kina uzito. Cha tatu, wawili wakiwa wamepita, ndicho kizuri zaidi, maana mwenye karata nzito huenda ni yule aliye baada yako. Cha pili kuwa mwangalifu: mpinzani mmoja keshapita, unaweza kumziba mwenzio mwenyewe. Cha nne na karata hizi, pita tu, mchezo uishie hapo.

Ukiwa na karata 4 za kopa pembeni au ree mbili, usifungue hivi. Na ukishafungua, usinadi tena kwa hiari yako. Mwenzio ndiye anayeamua.