Gari linazimika ukikata usukani

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya garaje hapa Lubumbashi, mmeniuliza jambo moja mara mbili mwezi huu. Mteja analeta gari dogo la michezo, Mazda MX-5 ya toleo la kwanza. Ralanti, yaani mzunguko wa motere bila kukanyaga pedali, inapanda na kushuka, usukani nao hauko sawa. Tuanzie wapi? Mmoja wenu alikuwa ameshafungua kifuniko cha juu cha motere. Pole yake.

Gari hili lilitoka mwaka 1989. Yale yaliyouzwa Japani yaliitwa Eunos Roadster, usukani kulia, na mengi yanayotufikia ni hayo, kwa njia ya Dar es Salaam, Tunduma, Zambia hadi Kasumbalesa. Motere ni ya lita 1.6, baadaye ikaja ya 1.8. Mpira wowote wa kiwandani uliobaki ndani yake umri wake umemzidi fundi anayeushika. Kwa hiyo nikiliona linaingia, nafikiria mipira na nyaya kabla sijafikiria chuma.

La kwanza nililotengeneza lilinisumbua siku tatu. Mwenyewe alikuwa kijana wa mgodini, akaniambia: "Vye, nikiwa barabarani iko muzuri. Nikitaka kuparki, nikizungusha volani, inakufa." Mimi nikasikia mambo mawili. Nikaandika daftarini: ralanti mbovu, usukani mzito. Nikasafisha kipepeo cha hewa, kile kinachofunguka ukikanyaga pedali, nikabadilisha buji (plagi), nikamwaga mafuta ya usukani nikatia mapya. Siku ya pili nikaanza kuulizia pampu nyingine ya usukani kwa wauza piyese (vipuri). Kumbe mteja alikuwa amenieleza jambo moja tu, tena waziwazi, mimi ndiye niliyelikata vipande viwili.

Sikilizeni namna linavyofanya kazi. Pampu ya usukani inazungushwa na mkanda wa motere. Gari likiwa limesimama, ukikata usukani mpaka mwisho, presha ya mafuta inapanda na pampu inaibebesha motere mzigo. Motere ndogo kwenye mizunguko 850 kwa dakika haina nguvu ya kugawa. Ndiyo maana pale kwenye pampu kuna swichi ndogo ya presha yenye waya mmoja tu. Presha ikipanda, swichi inaiambia kompyuta, nayo kompyuta inafungua zaidi valvu ya hewa ya ralanti ili motere isizame. Waya ule ukikatika, kompyuta haijui kitu, na motere inakufa huku kila sehemu yake ni nzima.

Wa gari lile ulikuwa umechomoka. Aliyefungua pampu kabla yangu, sijui ni nani wala sina haja ya kujua, aliuacha ukining'inia nyuma ya mkanda, kichwa chake kimejaa grisi na vumbi jekundu. Niliufuta kwa kitambaa, nikaubana kidogo kwa koleo, nikauchomeka. Dakika tano. Nikamwomba kijana akate usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto. Motere ilishuka kidogo, ikajirudisha yenyewe.

Tangu siku ile, gari la namna hii likiingia sifungui boneti kwanza. Naliacha lipate moto, nazima redio, taa na feni, halafu nakata usukani pole pole nikitazama mshale wa mizunguko. Ukizama wakati wa kukata tu, fuata pampu, swichi, waya na mkanda. Ukizama pia unapowasha taa kubwa, tazama batri, alternata na nyaya za masi (zinazorudisha umeme kwenye bodi), hasa zile zilizofungwa nyuma ya manifoldi ya hewa. Ukicheza wakati wote, usukani umekata au haujakata, hapo ndipo unaweza kusema ralanti ina ugonjwa wake.

Na ugonjwa huo mara nyingi ni hewa ya wizi. Motere ya 1.6 inapima hewa kwa kipimo chenye kibao kinachosukumwa na upepo. Hewa yoyote inayoingia baada ya kipimo hicho haikuhesabiwa, kwa hiyo esansi (petroli) inakuwa kidogo kuliko hewa. Geuza ule mpira mkubwa unaotoka kwenye kipimo uangalie mikunjo yake kwa chini. Juu utauona mzima, chini umepasuka kama kisigino cha mtu wakati wa kiangazi. Kisha bana mipira midogo mmoja mmoja kwa koleo lililofungwa kitambaa. Ukibana mmoja na motere ikabadilisha sauti, fuata huo mpaka mwisho wake. Viungo vinyunyizie maji ya sabuni. Kuna wanaonyunyiza esansi kwenye motere ya moto. Nimeona nyusi za mtu zikienda hivyo.

Ikiwa mshale unapanda na kushuka kwa mpangilio, kama mtu anayepumua, angalia maji ya radiata kabla ya yote. Valvu ya ralanti ina sehemu inayofungwa na joto la maji. Maji yakipungua haifungi vizuri, mizunguko inapanda. Kompyuta inaona mguu hauko kwenye pedali, inakata esansi, mizunguko inaanguka, inarudisha esansi, na mchezo unaanza upya. Nimewahi kuponya ralanti kwa lita moja na nusu ya maji. Ilibaki kumweleza mteja yalikuwa yanavujia wapi.

Skrubu ya ralanti ni ya mwisho kabisa. Tafuta kwenye chumba cha motere kisanduku cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS, unganisha TEN na GND kwa kipande cha waya, ndipo uzungushe skrubu iliyo juu ya kipepeo mpaka upate 850. Wakati huo huo pima moto wa buji kwa taa ya taimingi: digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Bila ule waya, kompyuta itakuwa inasahihisha kila unachofanya na mtashindana mpaka jioni. Ukimaliza, utoe. Mimi niliwahi kuusahau, gari likaenda nao hadi Likasi.

Kwa usukani wenyewe, anzeni kwa kwado, yule fundi wa matairi, maana yeye anajaza matairi yote kama ya pikapu. Gari hili lina uzito wa karibu tani moja tu, na kiwanda kinataka bar 1.8. Likijazwa 2.5 linarukaruka na usukani unatetemeka, nanyi mtailaumu bure rotili, kile kiungo cha chuma chenye kichwa cha mviringo. Likitetemeka karibu na kilomita 100 kwa saa tu, peleka magurudumu yakasawazishwe. Ila msiende kulijaribu kwenye barabara ya Kasumbalesa katikati ya malori ya shaba.

Uchezaji unatafutwa kwa mkono. Inua mbele, shika gurudumu kushoto na kulia, tikisa. Kisha juu na chini. Likicheza kushoto na kulia tu, shuku vichwa vya fimbo za usukani. Likicheza juu na chini, ni rotili ya mkono au rulma, ile wanayoita beringi upande wa Zambia. Halafu mwenzako akae ndani atikise usukani kidogo kidogo, wewe uko chini umeweka kiganja juu ya kiungo. Kilicho kibovu kinagonga kwenye ngozi kabla jicho halijaona kitu. Usukani ukiwa mwepesi upande mmoja na mzito mwingine kwa kila mzunguko, tazama kiungo cha fimbo inayoshuka kutoka usukani. Kutu hukaa pale.

Paralelizimu, yaani kunyoosha magurudumu yaelekee sawa, ni baada ya hayo yote. Boli zake za mikono ya chini zina vichwa visivyo katikati na hushikwa na kutu, kwa hiyo zimwagieni mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Boli ikikatika, nyingine itabidi iagizwe kutoka mbali, na mteja atakupigia simu kila asubuhi kabla hujanywa chai.