Vyuma, Kazi na Nyumba: Maswali ya Wasomaji

Barua za mwezi huu hazikuuliza zoezi gani linakuza kifua. Zimeuliza saa ngapi, kwa hela ipi, na mke atasemaje. Nimefurahi, maana hapo ndipo wengi wanapoachia vyuma, kabla hata hawajafika kwenye benchi. Maswali nimeyafupisha, majina nimeyaondoa.

Nina miaka 36, watoto watatu, nauza vitambaa Kariakoo. Natoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri, narudi saa mbili usiku. Zamani nilikuwa jimu siku sita kwa wiki. Sasa nikienda, mama watoto ananuna, anasema nimeoa vyuma. Nisipokwenda, nanuna mimi. Nifanyeje? — Baba wa Watatu

Kaka, anza kwa kukubali kwamba mama watoto ana hoja. Mtu anayeingia saa mbili, akabadili nguo, akatoka tena mpaka saa nne, watoto wake anawaona wakiwa wamelala. Zawadi haitaliondoa hilo. Punguza.

Na kupunguza hakukurudishi sifuri. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama huko Birmingham, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio zuri sana. Waliwafanyisha watu mazoezi ya miguu mara tatu kwa wiki kwa wiki 16, kisha kwa wiki 32 wakawapunguzia. Kundi moja lilibaki na theluthi ya kazi. Jingine lilibaki na sehemu moja ya tisa, yaani siku moja kwa wiki, seti moja kwa kila zoezi. Vijana wa miaka 20 hadi 35 walibaki na misuli yao hata kwa hiyo sehemu moja ya tisa. Wenye miaka 60 hadi 75 ndio waliohitaji zaidi ya hapo. Kujenga kunadai kazi nyingi, kutunza kunadai kidogo, na wewe uko kwenye miaka ya kutunza. Watoto wakikua, muda utarudi.

Jiwekee siku tatu za dakika 45. Moja iwe Jumapili asubuhi, jimu, kwa vyuma vizito. Mbili za katikati ya wiki ziwe nyumbani. Kila siku mazoezi manne tu: la kusukuma, la kuvuta, la kuchuchumaa, na la kuinua kitu kutoka chini. Seti tatu tatu, na kila seti uiache pale unapoona umebakiza marudio mawili kabla ya kushindwa. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20: inama, egemea kiti kwa mkono mmoja, ivute kwa mwingine. Pushapu zikiwa nyepesi, mpandishe mgongoni yule wa katikati, mkubwa ahesabu. (Ataruka kutoka tano hadi nane ili umalize haraka. Mwache.)

Halafu mpe mwenzio saa zake. Kama Jumapili asubuhi ni yako, Jumamosi jioni iwe yake, wewe ubaki na watoto. Aende saluni, aende kikoba, aende kwa dada yake, usimuulize kafanya nini. Nimeona ndoa nyingi zikigombana kwa sababu ya jimu, na mara nyingi ugomvi haukuwa wa jimu. Ulikuwa wa mmoja kuwa na saa zake na mwingine kutokuwa nazo.

Ukitaka mfano wa mtu wa kazi, mtunisha misuli Ronnie Coleman alikuwa polisi Arlington, Texas, alipotwaa Mr. Olympia, taji kubwa kuliko yote la watunisha misuli, kwa mara ya kwanza mwaka 1998, na hakuvua sare siku ya pili yake. Akaja kulitwaa mara nane mfululizo. Lakini ndiye huyo huyo aliyechuchumaa na kilo 363 begani, na leo, baada ya kupasuliwa mgongo na nyonga mara nyingi, anatembea kwa magongo. Bidii yake ichukue. Uzito wake muachie mwenyewe.

Kopo la unga wa protini linakula sehemu kubwa ya mshahara wangu. Nina kilo 70. Naweza kujenga mwili kwa chakula cha kawaida? — Mtumishi, Sengerema

Unaweza, na uko mahali pazuri kuliko wengi wetu, kwa kuwa ziwa liko mlangoni.

Anayejenga misuli anahitaji takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwako ni gramu 112. Tuhesabu. Mayai mawili, 12. Dagaa wakavu gramu 50, wale viganja viwili hivi, karibu 30. Maharage gramu 100 yakipimwa makavu, kama 21. Maziwa nusu lita, 16. Karanga gramu 50, 12. Ugali wa dona wa siku nzima, unga gramu 250, karibu 20. Jumla 111. Hiyo moja iliyobaki utaipata kwenye mchicha.

Hakuna kopo hapo. Unga wenyewe ni protini ya maziwa iliyokaushwa. Unasaidia aliye safarini au asiyeweza kula asubuhi, lakini haufanyi kitu ambacho dagaa hawakifanyi. Dagaa wachambue vichwa, waoshe mchanga wote, wakaange na nyanya na kitunguu. Kama una hela ya ziada na lazima ununue kitu cha kopo, nunua kreatini, unga unaoipa misuli nguvu ya kunyanyua, gramu 3 hadi 5 kwa siku. Ni ya bei nafuu zaidi na kwa mtu mwenye figo nzima imethibitishwa vya kutosha. Siku ukipimwa figo mwambie daktari unaitumia, kwa sababu inaweza kupandisha kipimo cha kreatinini, taka ya damu inayopimwa kuangalia figo, bila figo kuwa na tatizo.

Hukuuliza hili, ila nalisema kwa sababu nimeliona kwenye nyumba za watu wa vyuma. Baba anakaa mezani na sahani yake ya mayai sita ya kuchemsha. Anayamenya, anakula weupe, viini anavisukuma pembeni. Mtoto wa miaka minne amesimama, kidevu kimegusa ukingo wa meza, anavitazama viini. Yeye na mama yake wamekula ugali na mboga. Basi, kwanza, kiini kina zaidi ya theluthi ya protini ya yai, kile. Pili, kama nyumba haina mayai ya kila mtu, ongeza maharage kwenye sufuria ya wote, kisha uongeze chako humo humo. Misuli inayojengwa kwa sahani ya peke yako mimi siisifii.

Nikifanya mazoezi ya tumbo mara 300 kila siku, kitambi kitaondoka? — Bodaboda, Kahama

Hapana. Kitaondoka kwenye sahani na kwenye chupa. Fanya mara 30, hizo nyingine 270 ukalale.

Nina miaka 29, mtoto wangu wa pili ana miezi saba na ananyonya. Nataka kunyanyua vyuma. Wifi zangu wananicheka, nitakuwa dume na maziwa yatakauka. Ni kweli? — Mama Wawili, Tanga

Dada, hayo mawili hayapo. Homoni ya testosteroni, ambayo ndiyo inayompa mwanaume misuli minene, kwa mwanaume ni mara kumi na zaidi ya ile ya mwanamke. Utapata mapaja na mabega yenye nguvu, hutapata ndevu. Maziwa nayo hayakaushwi na mazoezi ya kiasi. Yanapunguzwa na kula kidogo na kukosa kunyonyesha. Mnyonyeshe kwanza, kwa raha yako mwenyewe, ndipo ufanye mazoezi, na maji yawe karibu.

Ila kama ulijifungua kwa upasuaji, au ukikohoa mkojo unachuruzika, mwone kwanza mtaalamu wa fiziotherapia au mkunga wa zahanati yako. Usione haya, akina mama wengi wanalo na linatibika kwa mazoezi ya misuli ya nyonga. Baada ya hapo anza na mfuko wa unga wa kilo 5 ukiukumbatia kifuani, uchuchumae na kusimama, seti tatu za marudio kumi.

Kwa wifi zako, wasimulie habari za Ernestine Shepherd wa Baltimore, Marekani. Alizaliwa mwaka 1936, akaanza mazoezi akiwa na miaka 56, na mwaka 2010 Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, ikamtambua kuwa mwanamke mtunisha misuli mkongwe zaidi anayeshindana. Wewe una miaka 27 ya kumtangulia.

Nimeoa mwaka jana, tunatafuta mtoto. Jimu yetu kuna jamaa anauza sindano, anasema ni vitamini za misuli. Rafiki yangu kapanuka ndani ya miezi mitatu. Nami nijaribu? — Kijana, Mombasa

Usijaribu. Vitamini hazimpanui mtu kwa miezi mitatu. Hiyo ni testosteroni au ndugu zake, steroidi, na kwa mtu anayetafuta mtoto hakuna dawa mbaya kuliko hiyo.

Sababu ni hii. Mwili ukiona homoni nyingi imeingia kutoka nje, ubongo unaacha kuziamuru korodani zifanye kazi. Zinasinyaa, mbegu zinakoma. Jambo hili lina uhakika kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani lilijaribu testosteroni kama uzazi wa mpango wa wanaume. Katika matokeo yaliyotoka mwaka 1990, wanaume walichomwa miligramu 200 kila wiki, na ndani ya miezi sita zaidi ya nusu yao hawakuonekana na mbegu hata moja. Wale walikuwa chini ya madaktari, kwa dawa inayojulikana. Huko jimu chupa haina uhakika wa kilichomo, na dozi mara nyingi ni kubwa zaidi. Ukiacha, mbegu kwa kawaida hurudi, lakini ni suala la miezi, na kwa waliotumia sana na kwa muda mrefu hakuna anayeweza kukuahidi. Na hapo sijagusa moyo unaonenepa, matiti yanayoota, na ini kwa wanaomeza vidonge.

Rafiki yako naye msimsute. Mshauri amwone daktari, amwambie ukweli wote, apimwe presha, mafuta ya damu, ini na homoni. Asiache kimya kimya halafu akajifungia ndani, kwa sababu wiki za kwanza baada ya kuacha huwa nzito kwa hisia pia, mtu hujawa na huzuni, na watu wa nyumbani wanapaswa kujua.

Mimi ni mlinzi, zamu ya usiku. Nifanye mazoezi nikitoka kazini asubuhi? — Dodoma

Lala kwanza. Funika dirisha kwa kanga mbili, simu mbali, kisha mazoezi saa tisa au kumi alasiri kabla ya zamu. Siku ambazo hukulala zaidi ya saa nne, tembea tu.

Ramadhani nikiwa Muscat najipunguza sana, misuli inaniishia. — Dereva

Haiishi kwa mwezi mmoja kama protini inaingia futari na daku. Fanya mara mbili au tatu kwa wiki, saa moja baada ya futari nyepesi au baada ya tarawehe, uzito ule ule, seti zipungue. Daku usiikimbie kwa ajili ya usingizi: mayai, maharage, maziwa ya mgando. Na kwa joto la huko, usikimbie mchana ukiwa umefunga.

Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 63, natumia dawa za presha. Wanangu wanasema vyuma ni vya vijana. — Iringa

Shikamoo mwalimu. Wanao wakutake radhi. Mwaka 1990, kule Boston, wazee kumi dhaifu wa makao ya kulea wazee, umri wao kwa wastani miaka 90, walinyanyua vyuma kwa miguu kwa wiki nane, na nguvu za mapaja zikapanda kwa wastani wa asilimia 174. Baadhi walikuwa wakitembelea fimbo. Wewe kwao ni kijana.

Presha ipimwe kwanza na iwe imetulia kwa dawa, na daktari wako ajue. Kubwa kuliko yote: usizuie pumzi. Toa pumzi unapoinua, vuta unaposhusha, kwa sababu kubana pumzi chini ya uzito kunairusha presha juu ghafla. Anza na kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara kumi, siku mbili kwa wiki. Ikiwa rahisi, shika ndoo ndogo yenye maji.

Nina miaka 41, fundi umeme, vyuma nimeanza nikiwa sekondari. Nataka nipande jukwaani walau mara moja. Mke amekubali kwa shingo upande. Nimechelewa? — Arusha

Hujachelewa. Kwenye mashindano yanayofuata taratibu za IFBB, shirikisho la kimataifa la watunisha misuli, wanaume kuanzia miaka 40 wana madaraja yao. Jim Arrington wa California, aliyezaliwa mwaka 1932, alitambuliwa na Guinness akiwa na miaka 83, wakati huo bado akishindana.

Lakini huyo mkeo wa shingo upande mpe picha kamili sasa. Maandalizi ni wiki 12 hadi 16, ukipunguza nusu hadi asilimia moja ya uzito wako kila wiki. Wiki nne za mwisho utakuwa na njaa, baridi, hasira za karibu, na hamu ya chumbani itapungua. Hiyo si dalili ya kumchoka, ni mwili umeishiwa, na ni heri aisikie kwako mapema. Usichague shindano linaloangukia Januari ya ada. Na juu ya nguzo usipande ukiwa umekata wanga: kizunguzungu na umeme havifai kukutana.

Wakikuambia umeze vidonge vya kukausha maji ili mishipa ionekane, kataa. Mohammed Benaziza alishinda shindano Uholanzi mwaka 1992, akafariki saa chache baadaye, na kifo chake kinahusishwa na ukaukaji wa maji mwilini. Alikuwa mtaalamu wa dunia na wataalamu walimzunguka.

Baada ya jukwaa usivamie nyama choma siku hiyo hiyo kana kwamba umetoka jela. Rudisha chakula taratibu kwa wiki mbili tatu, anza na mlo mmoja wa ziada kwa siku, na mlo huo kula mezani na familia.