Rafiki yako akipata mpenzi, chunga mdomo wako

Mi na shoga yangu tulianzia kidato cha tano, tukaja kupangiwa chuo kimoja Dar, na mwaka wa kwanza yeye akakosa rumu nikambeba pale Mabibo hosteli. Mliopita pale mnajua kubebana, kitanda kimoja kidogo watu wawili, boom, yaani ile hela ya mkopo ya kujikimu chuo, likitoka mnakula chipsi kuku, likikata mnapika uji kwenye jiko la umeme la kuficha, siri zote za mwenzio unazijua.

Semesta ya pili akapata mpenzi. Jioni hayupo, wikiendi hayupo, nampigia anasema nipo njiani alafu anafika saa nne usiku chakula nilichomwekea kimeshapoa.

Roho iliniuma jamani. Sasa badala ya kumwambia ukweli kwamba nimekumisi shoga yangu, mi nikaanza kumchambua yule kaka, mara ana dharau, mara hajui kuvaa, mara mbona rafiki zake wako vile, na wakati huo hakuna baya alilofanya, nilikuwa natafuta tu. Yeye ananyamaza. Nikadhani ananielewa, kumbe ameshaamua hataniambia kitu tena.

Mwaka wa pili akapata rumu yake, bloku nyingine, na huko ndo wakaachana. Nimekuja kujua baada ya wiki tatu, tena kwa rumumeti wake, kwamba mwenzangu usiku anaenda kulia bafuni. Nilivyomfata akanijibu, "Ningekuja kwako ungesema si nilikwambia." Na kweli ningesema.

Kwa hiyo mdogo wangu, kama umemmisi rafiki yako sema umemmisi, omba siku yenu, sisi baadae tulichukua jumapili asubuhi, tunaenda sokoni kununua mboga tunarudi tunapika, basi. Na huyo kaka muulizie habari zake kwa moyo mweupe.

Ila ukiona anampiga au anamlia hela ya boom, hapo usinyamaze. Mwambie ulichokiona kwa macho yako, sio ulichosikia, useme mara moja alafu ubaki karibu. Usimpe sharti la "chagua mimi au yeye", maana mtu anayepigwa ukimsusa unamwacha na yule yule anayempiga.

Sisi ilituchukua karibu mwaka mzima kurudi kama zamani. Juzijuzi kapata mchumba, akanipigia mimi wa kwanza saa sita usiku, nikamsikiliza mpaka dakika zikamuishia.