Nikiskani bakodi kwenye programu yangu, nadaiwa na nani?

SWALI: Nimetengeneza programu ya simu kwa wenye maduka ya jumla hapa Mwanza. Muuzaji anaskani bakodi kwa kamera, hesabu ya stoo inapungua yenyewe, na toleo jipya la programu linashuka kupitia intaneti. Rafiki yangu anasema bakodi na usambazaji wa programu vyote vina hataza (haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake) Marekani, hivyo naweza kushtakiwa. Ni kweli?

JIBU: Hataza hizo rafiki yako hakuzizua. Ila kila hataza ina siku yake ya kufa na ina mipaka ya nchi, na hayo ndiyo ya kutazama kabla hujakosa usingizi.

Ya bakodi iliombwa na Norman Joseph Woodland na Bernard Silver mwaka 1949, ikatolewa 1952. Ukifungua michoro yake utakuta miduara kama shabaha ya mishale, siyo mistari tu. Waliiuza kwa dola 15,000, ikaishia mikononi mwa RCA, kampuni ya elektroniki ya Marekani, muda wake ukakwisha 1969. Pakiti ya jojo ya Wrigley ilipopitishwa kwenye skana dukani Troy, Ohio, Juni 1974, hataza ilikuwa imekwisha miaka mitano nyuma. Wenyewe walitangulia mno kuliko leza na kompyuta za bei nafuu.

Kwenye usambazaji wa programu, nadhani rafiki yako amesikia habari ya hataza ya Charles Freeny ya 1985. Hii inafundisha zaidi. Inaeleza mashine iliyoko sehemu ya mauzo: inaomba idhini kutoka kituo cha mbali, ikipewa inanakili habari kwenye kitu cha kushikika, mteja anaondoka nacho. Miaka ya 1990 waliokuwa nayo wakadai kuwa inagusa hata kuuza programu kwa mtandao, wakashtaki kampuni kadhaa. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ilisema kitu hicho cha kushikika lazima kiwe tofauti na mashine yenyewe. Unaona? Kesi nzima ilizunguka maneno machache ya sehemu iitwayo madai, inayoeleza hataza inalinda nini hasa. Anayesoma kichwa cha hataza tu hajaisoma. Hata hivyo nayo ilikwisha 2003.

Jerome Lemelson, mvumbuzi wa Marekani, alikuwa na hataza za mashine kutambua picha, na warithi wa kazi yake wakazitumia kudai hata watumiaji wa skana za bakodi. Mahakama ya Nevada ilizikataa 2004, sababu mojawapo ikiwa maombi yaliyocheleweshwa miaka mingi mno. Rufaa ikaunga mkono 2005.

Misimbo ya QR, je? Denso Wave ya Japani, iliyoitoa 1994, ilitangaza kutozuia matumizi yanayofuata kiwango. Usichukue tu jina "QR Code" ukaliita bidhaa yako. Hiyo ni alama ya biashara iliyosajiliwa.

Muhimu zaidi kwako: hataza ya Marekani haina nguvu Mwanza; mwenye nayo lazima awe amepata hataza ya hapa kupitia BRELA (wakala wa serikali wa usajili), au kupitia ARIPO (shirika la miliki ubunifu la nchi kadhaa za Afrika) na Tanzania ikatajwa. Na ile ada wenye viwanda wanayolipa GS1, shirika linalotoa namba za bakodi, kupata namba zinazoanza na 620 siyo ya hataza. Ni ya namba. Wewe unayesoma bakodi ya sabuni ya mtu mwingine huhusiki nayo.

Kinachoweza kukubana ni leseni ya maktaba ya kuskani, yaani msimbo ulioandikwa na wengine ukaupachika ndani. Kama ni ZXing, mojawapo ya maktaba hizo, leseni yake ya Apache 2.0 inabeba pia ruhusa ya hataza kutoka kwa waliochangia. Nyingine zinauzwa, kwa hiyo soma.

Msimbo ulioandika mwenyewe unalindwa na hakimiliki bila kuomba. Lakini ukiwa na mbinu mpya kabisa ya kuskani unayotaka kuipatia hataza, peleka maombi kwanza, ndipo uionyeshe kwenye maonyesho ya Sabasaba. Nimeona vijana wakifanya kinyume.