Bakuli la uji ndani ya kasri: maswali yenu kuhusu Beauty and the Beast

Wiki mbili zilizopita niliandika kwamba nimeitazama tena Beauty and the Beast, ile filamu ya katuni ya Disney ya mwaka 1991 kuhusu Belle, msichana wa kijijini, na Mnyama, mwana mfalme aliyelaaniwa hadi ajifunze kupenda na kupendwa, na kwamba nililia mahali ambapo sikulia nikiwa mtoto. Mara ya kwanza niliiona kwa kaseti, Nakuru, mtaa wa Section 58, kwa jirani aliyekuwa na deki ya video. Watoto wa ploti nzima tulibanana sakafuni. Safari hii nilikuwa nyumbani Kisumu na mpwa wangu wa miaka saba. Maswali yaliyonifikia yameshinda nafasi niliyo nayo, kwa hiyo nimechagua haya.

Dada, ulisema ulilia lakini hukutuambia ni wapi. Ni pale Mnyama anapokata roho? (Msomaji, Kondele)

Hapana, ni kwenye uji. Belle na Mnyama wameketi mezani asubuhi, kila mmoja na bakuli lake. Belle anatumia kijiko. Mnyama anatumbukiza uso mzima, anakula kama mbwa, na uji unamganda kwenye manyoya. Anapomwona Belle akigeuza macho, anaona aibu. Anajaribu kijiko, lakini kiganja chake ni kikubwa mno na kijiko kinamponyoka. Belle anamwangalia kidogo, kisha anaweka kijiko chake chini, anainua bakuli kwa mikono miwili na kuliegemeza mdomoni. Mnyama naye anainua lake. Wanakunywa.

Hakuna anayesema neno. Mpwa wangu akaruka: "Shangazi, wanakunywa nyuka!" Nyuka ni uji kwa Kidholuo, na kwetu hunywewa hivyo, kwa hiyo machoni pake Mnyama ndiye aliyejua desturi na Belle alikuwa mgeni anayejifunza. Miaka yote nilikuwa nimeliona jambo hilo kinyume chake. Hapo ndipo machozi yalinitoka.

Sasa fikiria kazi ya mchoraji. Hana maneno ya kumsaidia, ana masikio yanayolegea, bega linaloshuka na jicho linaloibia. Glen Keane, aliyesimamia uchoraji wa Mnyama, alimuunga kutokana na wanyama wengi: shungi la simba, kichwa na ndevu za nyati wa Marekani, pembe za mdomoni za nguruwe mwitu, paji la gorila, mwili wa dubu, miguu na mkia wa mbwamwitu. Macho pekee ndiyo aliyoyaacha yawe ya mtu. Ndiyo sababu mwishoni, Mnyama anapogeuka kuwa kijana asiyefahamika, Belle anamkagua usoni na kumtambua kwa macho.

Unaisifu kwa kuchorwa kwa mkono, lakini kijana wangu anasema ukumbi wa dansi ni wa kompyuta. Nani mkweli? (Baba wa watatu, Nakuru)

Kijana wako amesema kweli, na mimi pia. Ukumbi wenyewe, yaani nguzo, sakafu, dari na ile taa kubwa ya kuning'inia, ulitengenezwa kwa kompyuta ili kamera iweze kuzunguka na kushuka kutoka darini. Rangi za filamu nzima nazo zilipakwa kwa mfumo wa kompyuta ambao Disney waliutengeneza pamoja na kampuni ya Pixar. Lakini wale wawili wanaocheza, gauni la manjano linalopepea, na ule woga wa Mnyama asijue mkono auweke wapi, vyote vimechorwa kwa penseli.

Mwambie kijana wako na hili. Mnamo Septemba 1991 filamu ilionyeshwa kwenye Tamasha la Filamu la New York ikiwa haijakamilika, takriban asilimia 70 tu. Sehemu zilizobaki zilikuwa mistari ya penseli isiyo na rangi. Ilipokwisha, ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Miezi michache baadaye ikawa filamu ya kwanza ya katuni kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora. Haikushinda hiyo, ila ilipata ya muziki na ya wimbo.

Mwishoni kuna maandishi ya kumshukuru rafiki yao Howard. Ni nani huyo? (Msomaji, Nakuru)

Asante sana kwa kusubiri hadi maandishi ya mwisho. Huyo ni Howard Ashman, aliyeandika maneno ya nyimbo za filamu hii. Muziki ni wa Alan Menken. Wawili hao ndio waliotunga pia nyimbo za The Little Mermaid, filamu ya nguva ya 1989, na kwa hiyo maandishi yale yanamshukuru kwa kumpa nguva sauti yake na kumpa mnyama roho yake.

Ashman alitoka kwenye tamthilia za jukwaani, na alijua kwamba wimbo lazima usukume hadithi mbele. Sikiliza wimbo wa kwanza, Belle akipita kijijini na kikapu chake. Unapokwisha umeshajua kwamba anapenda vitabu, kwamba wanakijiji wanamwona kioja, na kwamba Gaston, mwindaji anayejiona, amekata shauri kumwoa bila kumuuliza. Mtu mwingine angetumia nusu saa kuyaeleza hayo. Wazo la kuvipa vyombo vya kasri nafsi, buli, saa na kinara cha mishumaa, lilikuwa lake pia.

Alikuwa na Ukimwi. Vikao vya kuandaa filamu vilihamishwa kutoka California hadi Fishkill, jimbo la New York, ili viwe karibu na nyumbani kwake, na wengi waliosafiri kwenda huko hawakuambiwa sababu. Alifariki tarehe 14 Machi 1991 akiwa na miaka 40. Filamu ilitoka Novemba mwaka huohuo. Oscar ya wimbo ilipotangazwa mwaka uliofuata, mwenzi wake ndiye aliyepanda jukwaani kuipokea.

Sisi tuliokuwa na jamaa upande huu wa ziwa miaka hiyo tunaijua habari hii. Tulizika walimu, wajomba na shangazi, na kwenye matanga ugonjwa haukutajwa kwa jina lake. Nilikuwa na binamu ambaye sahani yake iliwekwa kando, na kila mtu mle ndani akajifanya haoni. Sasa tazama pale Gaston anapowachochea wanakijiji kwa wimbo wachukue mienge. Mnyama hajawagusa, wamemwona kwenye kioo cha uchawi tu, na tayari wanataka kumuua. Aliyeandika maneno ya wimbo huo alikuwa mgonjwa wakati anayaandika. Siku hizi siwezi kuusikia bila kuiona ile sahani.

Kama laana ilitakiwa kukamilika mwana mfalme akifika miaka 21, na kinara kinaimba kwamba wameota kutu miaka kumi, basi alilaaniwa akiwa mtoto wa miaka 11? (Mwanafunzi, Eldoret)

Hesabu yako ni sahihi, na filamu haina jibu. Picha ya ukutani inayochanwa inamwonyesha akiwa kijana mkubwa. Watengenezaji walipitiwa.

Nina wasichana wawili. Nahofia hadithi hii inawafundisha kwamba ukimvumilia mwanamume mkali atabadilika. (Mama, Kakamega)

Mama, hofu yako ina msingi, na sitakupoza kwa maneno matamu. Belle anaingia kasrini kama mateka, akijitoa ili baba yake aachiliwe. Huo ni uovu, na hakuna wimbo unaoufuta.

Hata hivyo angalia anachofanya. Mnyama anapomfokea karibu na lile waridi linalohesabu muda wa laana, Belle hakai kumbembeleza. Anasema ahadi au si ahadi, haishi tena hapo, anapanda farasi na kutoka usiku kwenye theluji. Anarudi kwa sababu Mnyama amejeruhiwa akimwokoa kutoka kwa mbwamwitu, na hata anapomsafisha kidonda, akingurumiwa naye anajibu vilevile, kwamba ajifunze kuzuia hasira zake. Kisha kuna pale anapoachiliwa. Waridi linapukutika, muda unayoyoma, na Mnyama anamfungulia njia aende kwa baba yake bila kumdai chochote. Linganisha na Gaston, mzuri wa sura, ambaye hajawahi kulisikia neno "hapana" likamwingia.

Kasoro ninayoiona ni haraka. Kutoka kidonda hadi zawadi ya maktaba ni dakika chache, na mtoto anaweza kudhani siku moja ya wema inatosha. Mimi nilisimamisha filamu pale Belle anapotoroka, nikamuuliza mpwa wangu: "Amefanya vizuri kuondoka?" Akajibu bila kusita, "Ndiyo, alimpigia kelele." Nawe simamisha hapohapo, uwasikilize wanasemaje.

Tunataka kuigeuza hii kuwa mchezo wa tamasha la drama. Tutaruhusiwa kutumia nyimbo? (Mwalimu, Homa Bay)

Mwalimu, nyimbo na michoro ni mali ya Disney, msiguse bila idhini. Hadithi yenyewe ni ya watu wote. Gabrielle-Suzanne de Villeneuve aliichapisha Ufaransa mwaka 1740, na Jeanne-Marie Leprince de Beaumont akaifupisha mwaka 1756. Sheria yetu ya hakimiliki inalinda kazi ya mwandishi akiwa hai na miaka 50 baada ya kifo chake, na hao walikwenda zamani. Humo hamna Gaston wala kikombe kinachosema. Kwa Beaumont kuna dada wawili wenye wivu, ambao mwishoni wanageuzwa sanamu na kusimamishwa mlangoni pa kasri, waitazame furaha ya ndugu yao kila siku. Wanafunzi wako watalifurahia jambo hilo.

Lakini kabla hamjavuka bahari, pandeni matatu hadi Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay. Filamu inaanza na ajuza anayebisha usiku wa baridi akiomba hifadhi, na mwana mfalme anayemfukuza kwa sababu ya sura yake. Simbi nako alikuja bikizee jioni, kijiji kikiwa kwenye pombe na ngoma, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimkaribisha. Kisha mvua ikanyesha, kijiji kikazama, na maji ya chumvi yapo pale hadi leo. Ni mlango uleule, mwalimu. Waambie wanafunzi wamtungie wimbo huyo mwanamke aliyefungua. Ningelipa kiingilio kuusikia.

Binti yangu anachora kila mahali, hata kwenye bili ya stima. Nimwanzishe vipi na katuni zinazotembea? (Mzazi, Kisumu)

Hahitaji kompyuta. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde, na mara nyingi mchoraji huchora picha 12 tu, kila moja ikipigwa mara mbili. Kwa dakika 84 za filamu hii hizo ni fremu zaidi ya 120,000. Binti yako ataanza na 24.

Kata karatasi nyepesi 24 za ukubwa wa kiganja, zilingane, uzibane upande mmoja kwa klipu. Aanze na karatasi ya mwisho kabisa. Achore mpira ukiwa juu, alaze karatasi inayofuata juu yake, auone mstari wa chini ukipenyeza, na achore mpira umesogea kidogo. Siri iko kwenye nafasi. Mpira ukiwa juu michoro ikaribiane, kwa sababu unakwenda polepole. Ukianguka iachane, kwa sababu unakimbia. Unapogusa chini achore umebonyea kama chapati, na inayofuata umenyooka. Akimaliza apeperushe karatasi kwa kidole gumba kutoka nyuma, na mpira utadunda.

Akishauweza mpira, mpe bakuli na mikono miwili inayoliinua. Mpwa wangu ameshafika karatasi ya tisa, na uji bado haujamwagika.