Mega, rezo na baa: maswali kutoka Goma

Wameniuzia "mega 10 kwa sekunde". Mbona faili ya mega 100 inanichukua zaidi ya dakika nzima kuishusha? (Msomaji, Himbi)

Hukuibiwa, kaka, ila neno limekutega. Mega hizo mbili si ndugu. Kasi hupimwa kwa megabiti, faili kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Gawa 10 kwa 8: unapata megabaiti 1.25 kila sekunde, yaani faili yako inataka sekunde 80 mambo yakienda sawa. Muuzaji anayesema "mega" tu na kunyamaza hapo, mimi humuuliza: mega gani?

Niko nyumbani Birere, sijavuka mpaka, lakini simu inanikaribisha Rwanda, kisha yunite (salio) zinayeyuka.

Mama, mawimbi ya redio hayapangi foleni Petite Barrière, pale mpakani. Simu hutafuta kwanza mtandao wa kwao. Ukidhoofika, au antena ya hapa ikizimika, inaweza kudaka ya Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Tangu hapo kadi yako ya 243 (Kongo) inahesabiwa mgeni kwenye mtandao wa 250 (Rwanda). Hiyo ndiyo romingi, na bei yake ni ya ugenini, wakati mwingine hata kwa simu unayopokea tu.

Ingia kwenye mipangilio (simu nyingi za hapa ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo tafuta neno *itinérance*) uzime data za romingi. Halafu toa uchaguzi wa mtandao kwenye otomatiki, uchague kampuni yako mwenyewe. Siku ukivuka kweli na simu ikose rezo (mtandao) kabisa, usinilaumu: irudishe kwenye otomatiki.

Baa za simu (vile vijistari vya rezo) zimejaa zote, lakini hata picha moja ya WhatsApp haifunguki. (Ndosho)

Baa zinapima nguvu ya mawimbi kati ya simu yako na antena, basi. Haziambii mmejazana wangapi hapo, wala kama njia inayotoka kwenye antena kwenda mbele imeziba. Jaribu saa kumi alfajiri.

Ofisi yetu ina sahani ya satelaiti. Kasi ni nzuri, ila kwenye mkutano wa video tunakatizana maneno. Tuongeze mega?

Msiongeze. Meli ya kwenda Bukavu inabeba magunia kwa mamia, lakini ukiituma ipeleke barua moja, barua hiyo nayo italala ziwani. Wingi wa mzigo ni upana wa bendi. Muda wa safari ni jambo jingine, huitwa ucheleweshaji. Satelaiti za zamani zinakaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Neno lako linapanda na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka: kilomita 144,000. Hata kwa mwendo wa mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, karibu nusu sekunde imeshakwenda, na mwenzako amekwisha kudhani umenyamaza.

Kuna satelaiti za chini, kama kilomita 550 hivi, ambazo hazina shida hiyo. Kabla ya kusaini mkataba mpya, ulizeni satelaiti ya muuzaji iko juu kiasi gani.